Uzee wa Ndoa Hauanzi Siku ya Kustaafu



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlisimama mbele ya altare mkishikana mikono, na pengine siku ile lilisomwa somo kutoka Kitabu cha Tobiti, sura ya 8. Ni lile somo la kijana Tobia na mkewe Sara usiku wa arusi yao, jinsi walivyoinuka kitandani wakasali kwanza. Kanisa limeliweka kati ya masomo ya Misa ya Ndoa, na maharusi hulipenda kwa kuwa ni la usiku wa kwanza. Lakini lisome polepole. Tobia hakuomba watoto usiku ule. Hakuomba mali wala ng'ombe. Alimwomba Mungu amhurumie yeye na Sara, na awajalie wafike uzeeni wakiwa pamoja.

Kijana mbichi, siku ya arusi yake, anaomba uzee! Nimefundisha wachumba kwa miaka mingi katika parokia yetu, na sijapata hata mmoja aliyeniambia kwamba amekuja kutafuta mtu wa kuzeeka naye. Wanazungumza juu ya mahari, sare za wasimamizi, keki, nani atalipa karo. Uzee tunauacha kando kana kwamba ni habari ya watoto wetu, au ya serikali, au ya pensheni. Ndiyo maana leo nataka kusema nanyi mlio na miaka 35, 40 na 50. Wazee wasione nimewasahau, kwa maana nitakayosema nimejifunza kwao.

Hebu turudi katika kitabu hichohicho, lakini nyuma kidogo, sura ya 2. Hapo tunakutana na wazazi wa Tobia, yaani mzee Tobiti na mkewe Ana. Tobiti alikuwa mtu mwema, na si mwema wa mdomo tu. Aliwalisha wenye njaa, na maiti za ndugu zake zilizotupwa alizizika hata kwa kuhatarisha maisha yake. Kisha akapofuka. Waganga walimpaka dawa, hali ikazidi kuwa mbaya. Basi Ana akatoka kwenda kufuma nguo kwa ujira ili nyumba ipate kula. Siku moja waliomwajiri walimlipa haki yake yote, na kwa kuipenda kazi yake wakamwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi akalia pale nyumbani. Mzee asiyeona akauliza, huyu ametoka wapi? Ana akamweleza kwamba ni zawadi juu ya mshahara. Tobiti hakusadiki. Alisema ameibwa, arudishwe kwa mwenyewe. Ana naye akawaka, akamwuliza ziko wapi basi zile sadaka zake na matendo yake mema. Mzee akalia machozi, akamwomba Mungu amwondoe duniani.

Ndugu zangu, angalieni jambo hili. Upofu ulikuwa umemkalia Tobiti kwa miaka, na Maandiko hayatuambii kwamba kwa sababu ya upofu aliomba kufa. Aliomba kufa siku ile yeye na mkewe walipochomana kwa maneno. Na kilichowagombanisha ni kimbuzi tu! Bibi ameleta kitu nyumbani kwa jasho lake, bwana hakumwamini.

Kisa hiki nimekiona kwa macho yangu, ila badala ya mbuzi palikuwa na tangi la maji. Sitawataja wahusika, nao wameniruhusu kusimulia. Mzee alifanya kazi Mombasa miaka 31. Mkewe alibaki nyumbani, mashambani, akilima na kulea watoto sita. Mume alikuja Desemba, na katikati ya mwaka kama kuna mazishi. Alituma pesa kila mwezi bila kukosa, lazima nimpe haki yake. Alipofika miaka 60 akastaafu, akapanda basi na sanduku lake na redio yake, akaja kukaa.

Alikuta kwake kuna ng'ombe wa maziwa ambaye hakumnunua, na tangi la plastiki la lita 5,000 limesimama kando ya jikoni. Akauliza pesa zilitoka wapi. Mkewe akamwambia ni za chama cha akina mama, alikuwa akiweka akiba polepole. Mzee akanyamaza. Lakini wiki iliyofuata akaenda kwa siri kwa mwenyekiti wa chama kuuliza kama ni kweli. Habari ikamfikia mama kabla mzee hajafika nyumbani. Nanyi mnajua vijiji vyetu.

Hawakupigana. Hawakutukanana hata. Mama alipika kama kawaida, akaandaa mezani, akaondoka kwenda kula jikoni. Hivyo kwa mwaka mzima. Kisha binti yao wa Nairobi akajifungua, akaomba mama aende amsaidie miezi mitatu. Ile miezi mitatu ikawa miaka miwili. Mzee akabaki na kijana wa kuchunga ng'ombe. Sukari ikampanda, presha ikafuata. Mimi nilikuwa nikimpelekea Komunyo Takatifu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwa maana hakuweza tena kuupanda mlima wa kanisani. Siku moja nikaomba kuona dawa zake. Alikuwa amezimwaga zote katika mkebe mmoja wa majani chai, vidonge vya asubuhi na vya jioni, vya sukari na vya presha, na macho yake hayakuweza kuvitofautisha. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nina mke mmoja na watoto sita, na sina mtu wa kuniuliza kama nimelala."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani, na hayajaniacha hadi leo. Kwa nini mtu aliyefanya kazi kwa bidii, mwenye pensheni, mwenye shamba, na watoto waliosoma, azeeke vibaya namna ile? Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu, wala si wa fani moja tu. Daktari peke yake hawezi kulijibu, kwa sababu uzee hauko katika damu na mifupa tu. Umo katika nafsi, umo katika nyumba, umo katika mfuko.

Kule Marekani, mwaka 1938, walianza utafiti ambao unaendelea mpaka sasa. Walichukua vijana 268 wa Chuo Kikuu cha Harvard, na baadaye wakawaunganisha na wengine 456 waliokulia katika mitaa maskini ya mji wa Boston. Wote walikuwa wanaume. Madaktari wakawapima moyo na mapafu. Wanasaikolojia wakazungumza nao juu ya mawazo yao. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii wakaenda mpaka kwa wazazi wao kuuliza jinsi walivyolelewa. Walipimwa hata vichwa na viungo kwa kudhani kwamba umbo la mtu litaonyesha kama atafanikiwa, jambo ambalo halikuwafikisha popote. Mmoja wa vijana wale wa Harvard alikuwa John F. Kennedy, Mkatoliki mwenzetu aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Wakafuatwa mwaka baada ya mwaka, katika kuoa, katika vita, katika kazi, katika ulevi kwa wengine, katika kustaafu, mpaka kaburini. Baadaye hata wake zao na watoto wao waliulizwa.

Basi waligundua nini? Daktari Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, alieleza mwaka 2015. Walikusanya yote waliyoyajua juu ya wanaume hao walipokuwa na miaka 50, wakatazama nani alifika miaka 80 akiwa na afya njema. Hawakuweza kubashiri kwa kuangalia kolesteroli, yaani yale mafuta ya kwenye damu. Walioonekana kuwa na afya zaidi miaka 80 ni wale ambao walipokuwa na miaka 50 waliridhika na uhusiano wao na watu wao wa karibu.

Someni tena hapo. Hawasemi uhusiano wa miaka 80. Wanasema wa miaka 50. Wewe bwana wa miaka 48 ambaye unaingia nyumbani saa nne za usiku na kusema na mkeo maneno matatu, chakula kiko wapi, wewe unakula akiba yako ya uzeeni sasa hivi. (Naye mtu asije akaacha dawa ya presha akisema katekista amesema upendo unatosha. Daktari ni mtumishi wa Mungu pia, Yoshua bin Sira anatufundisha hivyo katika sura ya 38.)

Watafiti haohao, mwaka 2010, walichapisha habari za mabwana na mabibi 47 waliokwisha kuingia miaka ya themanini. Kila siku, kwa siku kadhaa, waliwauliza mwili unauma kiasi gani na moyo uko namna gani. Wale walioridhika na ndoa zao, siku ambayo mwili uliwauma zaidi, furaha yao haikushuka kwa sababu hiyo. Wale ambao ndoa yao ilikuwa chungu, siku ya maumivu ya mwili ilikuwa pia siku ya huzuni. Maumivu ya goti ni yaleyale. Tofauti ni kama kuna mtu kando yako anayejua kwamba goti lako linauma.

Kuna utafiti mwingine ambao naupenda kwa sababu uliongozwa na mtu na mkewe. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alikuwapo mama mwanasaikolojia, Janice Kiecolt-Glaser, na mumewe Ronald Glaser, ambaye taaluma yake ilikuwa ni virusi na kinga ya mwili. Mmoja anajua moyo wa mtu, mwingine anajua damu yake. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na wenzao juu ya mabwana na mabibi 42. Walilazwa hospitalini siku moja na usiku wake, mara mbili. Kila mara walitiwa malengelenge madogo mkononi. Mara ya kwanza waliombwa wazungumze kwa kusaidiana. Mara ya pili waliombwa wazungumze juu ya jambo linalowagombanisha. Kisha vidonda vikaangaliwa vinapona kwa kasi gani.

Baada ya mazungumzo ya ugomvi, vidonda vilichelewa kupona. Na wale waliokuwa na desturi ya kudharauliana na kuumizana kwa maneno, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wale wasiokuwa na uadui huo. Ugomvi wa nusu saa! Je, nyumba ambayo ugomvi ni wa miaka ishirini, mwili unapona lini?

Najua wengine wanasema sasa, basi sisi tumekwisha, kwa maana kwetu hakupiti siku bila kubishana. La hasha! Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Daktari Waldinger alisema pia kwamba wako wazee wa miaka 80 na kitu wanaozozana kila siku iendayo kwa Mungu, lakini kila mmoja anajua kwamba mambo yakiwa magumu mwenzake yupo. Kwa hao, mabishano hayakuonekana kuwadhuru kumbukumbu zao. Kinachodhuru ni kutokuwa na hakika ya mwenzako. Tobiti na Ana waligombana, na katika sura ya 10 wanabishana tena juu ya mtoto wao aliyechelewa safarini, mama akilia kwamba amekufa na baba akimtuliza. Hata hivyo wako pamoja. Tobia aliporudi, Ana ndiye aliyemwona kwanza njiani, na mtu aliyemkimbilia kumpasha habari ni yule mumewe kipofu, aliyekuwa amemwita mwizi.

Nikiwa hapo niseme neno juu ya nyumba ambazo si za mabishano bali za kipigo. Simwambii mke anayepigwa, au mume anayepigwa (wapo), akae kimya ili azeeke vizuri. Mtu wa namna hiyo aende kwa Baba Paroko, kwa chifu, kwa polisi, kwa jamaa anayeaminika. Haya mengine yote ninayosema leo yatangoja.

Sasa tuje kwetu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya karibu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kutunzwa na familia zao na Serikali. Mpango wa Inua Jamii umekuwa ukiwapa waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni mambo mema, na wazee wanaozipokea wanashukuru zinapofika. Lakini shilingi 2,000 hazikuulizi umelalaje.

Tatizo letu kubwa hapa Kenya, kwa maoni yangu, ni hili la ndoa za mbali. Bwana Nairobi, Mombasa, au Nakuru, bibi mashambani. Siku hizi ni kinyume chake pia, mama yuko Arabuni kwa kazi za nyumbani, baba amebaki na watoto. Silaumu mtu. Wengi hawana njia nyingine, karo haitoki mbinguni. Lakini tusijidanganye kwamba ndoa inakaa ikingoja kama nguo ndani ya sanduku. Miaka 30 ikipita, mke amekwisha kujifunza kuendesha nyumba peke yake, mume amekwisha kujifunza kuishi peke yake, na siku ya kustaafu wanakutana wageni wawili wenye cheti kimoja cha ndoa.

Kwa hiyo, ninyi mnaoishi mbali, simu zenu zisiwe za mbolea na karo tu. Ulizaneni mengine. Mwenzako ana rafiki gani sasa? Anaogopa nini? Likizo isiwe ya Krismasi na mazishi peke yake. Mume, mke wako aijue hati ya mshahara wako, na deni la sacco, na jina uliloandika kwenye fomu ya pensheni. Mke, mume wako ajue kama kuna chama, na zamu yako ya kupokea ni lini, na lile tangi linalipwa namna gani, hata kama hakukuchangia senti. Nasema hili kwa pande zote mbili kwa makusudi. Mzee wa tangi alikosa imani, ndiyo. Lakini mama naye alikubali baadaye kwamba kwa miaka minane alimficha habari za chama, kwa kuhofu kwamba akijua ana pesa atapunguza anazotuma. Hofu yake ilikuwa na sababu. Hata hivyo uficho ulizaa tuhuma.

Na kabla ya kustaafu, tuseme miaka mitano kabla, kaeni mzungumze juu ya mambo madogo. Ng'ombe ni wa nani? Nani anaamua mahindi yauzwe lini? Mzee atakaa wapi mchana? Msicheke. Mama amezoea jikoni na uani kuwa ufalme wake, na ghafla kuna mwanamume ameketi pale kutwa, anauliza kwa nini kuni zimewekwa hapa. Wanaume wengi tukiacha kazi tunabaki bila rafiki, kwa sababu marafiki wetu walikuwa wa kazini. Wake zetu wana jumuiya, wana CWA, wana chama, wana kisima. Bwana wa miaka 45, anza sasa kwenda CMA na Jumuiya Ndogo Ndogo, usingoje kuletewa Komunyo nyumbani ndipo ujue majina ya majirani.

Jambo la wajukuu nalo ni zito, na hapa nasema na ninyi mlio na wazazi. Mnapomwita mama aje mjini kulea mtoto, mnamwacha nani na baba? Mnaona mnaokoa mshahara wa yaya. Mnasema, mama naye atapumzika huku, kuna stima na maji ya bomba. Lakini mnatenganisha kile ambacho Mungu alikiunganisha, na kwa wema tu! Wiki tatu, mwezi, sawa. Ikizidi hapo, waiteni wote wawili au tafuteni njia nyingine. Nanyi wazee mjue kwamba mna ruhusa ya kusema hapana. Mara nyingine bibi hukubali kwenda kwa furaha kwa sababu anakimbia nyumba iliyonyamaza, na watoto hawajui. Ulizeni kwa upole.

Kuna tena ule uzee wa kusahau, mzee anapouliza swali moja mara kumi au anapotea njia ya nyumbani kwake. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anasema na mtoto ambaye baba yake akili zimempungua, anamtaka amvumilie na asimdharau. Huo ni ugonjwa wa ubongo, na madaktari wanaujua. Si uchawi, na inatia aibu kwamba katika sehemu za nchi yetu, kama Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ndoa ndiyo inayobeba mzigo huo kwanza. Yule aliyekuwa akikumbuka sikukuu ya arusi yenu sasa hakumbuki jina lako, na wewe unamlisha uji. Wenzi wanaofanya kazi hiyo wanachoka hata kulia, kwa hiyo jumuiya iwapokee zamu, angalau mlezi apate kwenda Misa na kulala mchana mmoja kwa wiki.

Mtaniuliza, na sisi wajane? Na waliokwisha kuachwa? Nawapa habari ya masista. Mwaka 1986 mtaalamu David Snowdon alianza kuwafuata masista 678 wa shirika la School Sisters of Notre Dame huko Marekani, ambao wakati wa kuingia katika utafiti walikuwa na miaka 75 kwenda juu. Walikula chakula kimoja, waliishi nyumba za namna moja, hawakuzaa. Walikubali hata ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa, sadaka ambayo si ndogo. Ikapatikana kwamba 180 kati yao walikuwa wameandika habari za maisha yao walipokuwa wasichana wa miaka 22 hivi, wakitaka kuweka nadhiri. Watafiti wakahesabu sentensi zenye furaha, shukrani na matumaini. Walioandika nyingi waliishi takriban miaka 7 zaidi ya walioandika chache. Hawakuwa na waume, lakini walikuwa na jumuiya, na walikuwa na zoea la kushukuru lililoanza ujanani. Mjane anaweza kuwa na hayo mawili. Baba Mtakatifu Fransisko alipoanzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee mwaka 2021, Jumapili ya nne ya Julai, alitaka hasa kwamba mzee asibaki peke yake.

Mimi mwenyewe sijafika. Mwaka jana, baada ya kufundisha semina ya ndoa kutwa nzima, nilirudi nyumbani nikaketi na simu mkononi. Mama watoto akaniambia, "Mwalimu, wenzako umewafundisha kuongea, na sisi je?" Sikuwa na jibu. Niliweka simu juu ya kabati, na tangu siku hiyo baada ya chakula cha jioni inakaa pale nusu saa. Ni kidogo, lakini nimejua mengi. Sikujua, kwa mfano, kwamba anaogopa kuzeeka asije akawa mzigo kwangu.

Na yule mzee wa tangi? Kabla ya Pasaka alikwenda Kitubio, padre akamfuata nyumbani. Waliyosema ni yao na Mungu. Ninachojua ni kwamba niliporudi kumwona, aliniomba nimsomee namba ya mkewe kwenye simu. Akampigia. Alimwambia mvua imenyesha na tangi limejaa. Kisha akanyamaza kidogo, akamwambia alikosea kwenda kumwulizia kwa watu. Mama hakurudi wiki hiyo, wala mwezi huo. Alirudi Agosti, na kwanza alikagua mkebe wa majani chai, akavigawa vidonge katika vibakuli viwili, chekundu cha asubuhi, cheupe cha jioni. Bado wanazozana juu ya kuni. Nimewasikia nikiwa langoni.

Ninawaomba jambo moja wiki hii. Usiku mmoja, watoto wakishalala, fungueni Kitabu cha Tobiti, msome sura ya 2 kuanzia mstari wa 11 mpaka mwisho, halafu sala ya Tobia katika sura ya 8. Katika ile sura ya 2 mume asome maneno ya Ana, na mke asome ya Tobiti. Kisha mwulizane kama nyumbani kwenu kuna mbuzi ambaye hajaelezwa. Biblia nyingine hazina kitabu hicho, kwa hiyo kama yenu haina, mwulizeni katekista wenu awaazime yake.